Sanduku la Bado

1

Namba kwenye kibao cha mlango wa shangazi yangu ilikuwa 103, nyekundu kama pilipili, na yeye alikuwa ameifunika kwa kikapu cha vitunguu ili isimsumbue macho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile, umelala salama? Mbona umekonda hivyo? Huko Mbeya hamli?"

Sikuwa nimekonda hata kidogo. Suruali niliyovaa ilikuwa ya tatu asubuhi ile. Mbili za kwanza ziligoma kufunga. Lakini kwa Shangazi Tusekile ukikaa miezi minne bila kumtembelea ni lazima uwe umekonda, na huna pa kukatia rufaa. Nikavua viatu, nikaingia, nikaketi kwenye kigoda. Nje ukungu wa Tukuyu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na manyunyu yalikuwa yanaanguka taratibu, yale yasiyomlowesha mtu ila yanamchosha.

Nilikuja kwa sababu ya karatasi ya njano. Alikuwa ameibandika ukutani juu ya jiko kama kalenda. Ilisema kwamba nyumba yoyote yenye mapengo zaidi ya thelathini itahesabiwa haijakamilika, na kwamba mkaazi wake atahamishiwa Nyumba Kamili tarehe 23 Desemba, ili asherehekee sikukuu bila pengo. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na moja.

"Umeisoma hii, shangazi?"

"Nimeisoma. Wameandika vizuri, hakuna hata kosa."

"Watakuhamisha kesho kutwa!"

"Ndiyo maana nimekuita. Wewe si unafanya kazi na hao watu? Waambie mimi sina pengo. Meno yangu yote yapo." Akafungua kinywa anionyeshe, na kweli yalikuwepo yote.

Nilicheka, kisha nikaisoma tena ile tarehe. Nyumba ile ina vyumba viwili. Nimekulia humo tangu nina miaka saba, baba na mama walipofariki kwa ajali moja na Shangazi Tusekile akaja kunichukua kwa miguu, akanirudisha kwa miguu, akiwa amebeba begi langu kichwani. Vitu vilivyomo naweza kuvitaja vyote nikiwa nimefumba macho: sufuria mbili, ya ndizi na ya chai, vigoda vitatu, kitanda, blanketi, redio, jembe, taa, ndoo, vikombe vinne, kimoja hakina mkono na ndicho anachokipenda. Hana kabati kwa sababu hana cha kuweka kabatini. Akitafuta kisu, anakipata. Mimi nyumbani kwangu nina visu thelathini na kimoja, na jana yake nilikuwa nimekata limau kwa meno.

Kibaoni kwangu Mbeya palisomeka sifuri, kijani kibichi, mwaka wa nne mfululizo. Majirani walikuwa wananipongeza. Hawakujua kwamba naingia chumbani kwangu kwa ubavu.

Tangu viwanda vya jua vilipoanza kujiendesha vyenyewe, hakuna anayenunua kitu. Vitu vinagawiwa. Viwanda havitakiwi kusimama, maana vikisimama vinaharibika, au ndivyo tulivyoambiwa, kwa hiyo ni lazima kila kinachotoka kipate pa kwenda. Anayejua pa kukipeleka ni Timizo, ile sauti ya upole iliyomo ndani ya kibao cha kila mlango. Timizo anakuuliza una nini na huna nini. Usichonacho ni pengo, na wiki mbili kabla ya sikukuu, ile tunayoiita Majazo, mapengo yanajazwa. Wanaoleta ni vyombo vyeusi vinavyoruka na kutua juu ya bati kwa kishindo. Watu wamevipa jina la kunguru.

Kunguru mmoja alitua tukiwa tunakunywa chai. Bati likalia, kisha boksi likateremshwa mlangoni kwa kamba.

"Haya, wameleta tena," alisema Shangazi, wala hakuinuka, maana kila wanacholeta huwagawia wanaokitaka siku hiyo hiyo. "Hilo dogo najua ni lipi. Liache hapo hapo nje."

"Ni nini?"

"Liache, Atu. Kunywa chai."

2

Mimi ni Atuganile, na kazi yangu ni maneno. Kabla Timizo hajaja huku kwetu alikuwa hajui Kiswahili, na sisi watatu ndio tuliomfundisha. Kila neno ambalo mtu anaweza kulitumia kujibu swali tulipaswa kulitia katika moja ya masanduku matatu. La kwanza liliitwa ANACHO. La pili, HATAKI. La tatu, ANATAKA ILA HAJAPATA. Hakukuwa na sanduku la nne. "Ninacho" na "kipo" tulitia la kwanza. "Hapana", "sitaki" na "sihitaji" tulitia la pili. Kazi ilikwenda vizuri, nami nilipewa zawadi ya chupa ya chai kwa kumaliza mapema.

Nilikuwa na ruhusa ya kurudia dodoso la mtu yeyote, mradi mwenyewe awepo na ajibu kwa sauti yake. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ningekaa na shangazi, tungejibu upya maswali yote, namba ingeshuka, nami ningerudi Mbeya kabla ya jioni. Nikaondoa kikapu cha vitunguu, nikabonyeza kibao.

"Habari za asubuhi, Bi. Tusekile," alisema Timizo. "Una jiko la umeme?"

"Nzuri, baba, za kwako?" Shangazi aliweka kikombe chini akajifunga vizuri kitenge, maana anaongea na mgeni. "Jiko la umeme? Bado."

"Asante. Una mashine ya kufulia?"

"Bado, baba."

"Asante. Una kochi?"

"Hilo nalo bado."

Nikazima. Kila jibu lilikuwa limewasha taa ndogo ya njano pembeni ya kibao, na ile njano naijua. Ni rangi ya sanduku la tatu.

"Shangazi, kwani unataka kochi?"

"Kochi la nini? Alikalie nani? Likiingia humu mimi nitoke."

"Sasa mbona unamwambia bado?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ananawa mikono kabla ya kula. "Nimwambie hapana? Mtu kaja mlangoni kwangu asubuhi, kanisalimia, ananiuliza kwa upole kama nina kochi, halafu nimtupie hapana usoni? Mimi sikukulea hivyo."

Jamani. Hebu fikiria ni mara ngapi umesikia watu wakijibu hivyo. Muulize mzee wa miaka sabini kama amewahi kupanda ndege, atakwambia bado. Muulize dereva kama ana gari lake mwenyewe, bado. Umeolewa? Bado. Huyo hajakuagiza ndege, wala gari, wala mume. Amekujibu kwa adabu, na wewe ukiwa na akili unaendelea na mazungumzo mengine. Kila mtu anajua hivyo isipokuwa Timizo, na Timizo hajui kwa sababu aliyemfundisha hakumwambia.

Neno lile nililitia mimi kwa mkono wangu. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na robo, mkoba uko begani. Nikafikiri kisarufi: bado, yaani halijatokea ila linatarajiwa. Sanduku la tatu. Nikaenda nyumbani.

Shangazi alikuwa bado ananitazama. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba Timizo hana roho ya kuumia, kwamba akisikia "sihitaji" anafurahi, na kwamba tufanye mazoezi kidogo.

"Sihitaji," alisema Shangazi, akakunja uso kama aliyeonja ndimu. "Asante sana, baba, lakini kwa sasa sihitaji, labda siku nyingine, Mungu akubariki."

"Neno moja tu, shangazi."

"Neno moja ni la kufukuzia kuku."

Wakati huo mlangoni pakasikika mkongojo, ko, ko, ko, na Mzee Ambakisye akaingia bila kubisha hodi. Ni jirani yake wa miaka yote. Mguu wake wa kulia uliishia kwenye mashine ya kiwanda cha chai zamani, na tangu hapo kila siku anakuja saa nne kunywa chai ya shangazi na kuilalamikia kwamba ni nyepesi.

"Mnamfundisha Tusekile kukataa?" akauliza tulipomweleza. "Mbona mimi alinikataa vizuri tu mwaka ule, tena kwa neno moja!"

"Wewe ulikuwa kuku," alisema Shangazi, na mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi tukaanza upya, na mzee akawa msimamizi. Kila mara Shangazi alipotamka "sihitaji" bila kuongeza baraka, alimpigia makofi. Jiko, mashine ya kufulia, kochi, meza ya kuwekea mashine ya juisi, ingawa mashine yenyewe ya juisi hana, mti wa plastiki wa Krismasi, seti ya sahani za watu kumi na wawili, sanduku la kuhifadhia karatasi za kufungia zawadi. Sihitaji, sihitaji, sihitaji. Kwenye swali la arobaini akawa amekolea, anajibu hata Timizo hajamaliza. Njano zikazimika moja moja. Namba ikashuka mia, themanini, hamsini, na vitu sitini na vitatu vilipokwisha ikasimama kwenye arobaini.

"Limebaki swali moja, Bi. Tusekile," alisema Timizo. "Una mtoto?"

Mzee Ambakisye aliacha kupiga makofi. Akaangalia ncha ya mkongojo wake.

Shangazi aligeukia mlangoni. Nje manyunyu yalikuwa yamekoma na migomba ilikuwa inadondosha maji. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyoanza nayo asubuhi, "Bado."

"Asante," alisema Timizo. "Nimeandika: anatarajia."

3

Pengo la kitu ni moja. Pengo la mtu ni arobaini. Walioweka sheria hiyo walisema mtu ni muhimu kuliko kochi, nami niliona ni jambo zuri kabisa nilipolisoma. Kwa hiyo shangazi yangu angeweza kukataa dunia nzima, na bado neno lile moja lingemtoa nyumbani kwake.

Nikatoka nje nipate hewa. Lile boksi dogo la kunguru lilikuwa pale pale mlangoni. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na soksi mbili za sufi zisizozidi kidole changu gumba, kofia, na gauni jeupe lenye vifungo mgongoni. Kikaratasi kilisema: Heri ya sikukuu, kwa mtoto utakayempata.

Miaka kumi na moja Timizo amekuwa kazini. Niliposimama pale na soksi mkononi nilihesabu mara moja tu, kisha nikajuta kuhesabu.

"Ya kwanza niliidhania utani wa mtu," alisema Shangazi nyuma yangu. Sikujua kwamba amenifuata. "Nilimdhania mke wa Mwasomola, tulikuwa tumegombana. Nikaacha kumsalimia mwaka mzima, maskini, na hakufanya lolote. Ya pili ilipokuja nikajua ni mashine. Huwa nazipeleka zahanati, kuna wanaojifungua hawana hata kanga ya kumfungia mtoto. Ile ya kwanza tu ndiyo niliiweka. Ipo chini ya kitanda."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini, Atu?"

Ningeweza kunyamaza. Shangazi asingejua kamwe. Lakini nilishindwa kuzikunja zile soksi.

"Shangazi, ni mimi," nilisema. "Lile neno bado, ni mimi niliyeliweka vile. Niliiambia mashine kwamba mtu akisema bado, anataka. Ni mimi niliyekuwa nakuletea hivi vitu."

Nikaendelea kwa sababu ukianza huwezi kuishia katikati. "Na nilijua. Sikujua habari ya maboksi haya, hilo naapa. Lakini mimi mwenyewe nikiulizwa na Timizo kama nina mtoto nasema hapana. Miaka yote. Kwa kuwa nalijua sanduku. Nilijua nikisema bado itakuwaje, nikajikwepesha peke yangu, na nyie wengine nikawaacha."

Hiyo ndiyo aibu yangu, na siwezi kuipamba. Kukosea Ijumaa jioni mtu husamehewa. Lakini kujua pa kukanyaga na usimwambie aliye nyuma yako, hilo ni jambo jingine.

Shangazi alichukua soksi mkononi mwangu, akazikunja moja ndani ya nyingine, akazirudisha kwenye boksi.

"Nikisema bado," alisema polepole, "sikuwa nasubiri. Mimi na mume wangu tulisubiri miaka tisa, halafu tukaacha kusubiri, halafu naye akafa. Najua nina umri gani. Lakini hapana ni kubamiza mlango. Bado ni kuurudishia tu, taratibu, mgeni asijisikie vibaya. Ndivyo watu wanavyosema, Atu. Wewe msomi ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua."

"Basi umenikosea."

"Nimekukosea, shangazi. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema, akaingia ndani kumenya ndizi. Hakusema amenisamehe. Nilimheshimu kwa hilo, ijapokuwa liliniuma vibaya sana.

Nilikuwa na kitu kimoja begani. Katika kompyuta yangu ndogo kulikuwa na funguo za maneno yote niliyowahi kuyaweka. Ningeweza kulihamisha bado kutoka sanduku la tatu kwenda la pili, papo hapo, nikiwa nimesimama kwenye matope ya ua. Ingechukua nusu dakika. Bado lingekuwa hapana kwa nchi nzima, pengo la shangazi lingefutika, na kunguru wangeacha kuangusha mizigo juu ya mabati ya watu wasioitaka. Nikaitoa. Nikafungua neno. Kidole kilikuwa tayari.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza Mzee Ambakisye. Alikuwa amekuja kuegemea ukuta, kumbe amesikia yote.

Nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Hiyo bado yangu nayo itaondoka?"

"Ipi, mzee?"

Akagonga sehemu ambayo mguu ulipaswa kuwepo. "Waliniuliza kama nina mguu wa bandia. Nikasema bado. Ni miaka mitatu, foleni ni ndefu, inachongwa ya mtu mmoja mmoja. Juzi kibao kimeniambia zamu yangu ni baada ya mwaka mpya." Akanitazama bila hasira. "Mwanangu, Tusekile akisema bado, anakuaga. Mimi nikisema bado, nipo mlangoni nimevaa kiatu kimoja. Ya kwangu usiiguse."

Nikaondoa kidole. Nilijisikia kulia, na nililia kidogo, kwa kuwa Mzee Ambakisye si mtu wa kumwonea haya. Neno ni lile lile, herufi ni zile zile nne.

"Sasa wewe, mzee, unajuaje ni bado ipi?"

"Najuaje nini? Namuuliza tena. Kwa upole. Akinijibu, naendelea. Akianza kuniambia habari za mvua, nanyamaza." Akashangaa. "Kwani huko ofisini kwenu hamuulizani?"

4

Asubuhi ya tarehe ishirini na mbili nilimpigia simu mkuu wangu, Bwana Ndomba, nikamweleza kosa langu lote tangu Ijumaa ile mpaka soksi. Nilishaliandika pia, na jina langu chini. Nikamwomba sanduku la nne.

"La nne la nini?"

"La kuuliza tena. Na mtu asipotaka kuulizwa, la kunyamaza."

"Atuganile, mashine hainyamazi. Haijui kunyamaza."

"Basi ifundishwe. Mimi nitaifundisha, na safari hii sitaweka mkoba begani."

Alivuta pumzi ndefu. Si mtu mbaya Bwana Ndomba. Ana watoto watano na nyumba yake imejaa vitu mpaka wanakula barazani. Akasema atalipeleka juu, kwamba huenda likawezekana kufikia Pasaka, na kwamba mimi nisishangae nikiitwa kujieleza. Nikamwambia nitajieleza. Nikamuuliza kuhusu kesho. Akasema kesho ni kesho, gari la kuhamisha limeshapangwa, na njia pekee ni mkaazi ajibu vingine kwa sauti yake.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunywa chai kwenye kikombe kisicho na mkono. Alikuwa amelala, amekula, na alionekana mtu aliyetua mzigo. Mimi ndiye niliyekuwa na macho mekundu.

"Wanasemaje?"

"Wanasema ujibu upya. Shangazi, si lazima. Nitakuja kukaa nawe huko huko kwenye Nyumba Kamili, tutaona la kufanya. Sitakulazimisha useme hapana."

"Nani kakwambia nitasema hapana?" Akaweka kikombe chini, akajifunga kitenge. "Washa."

Nikabonyeza. Mzee Ambakisye alikuwa ameshafika kwa ajili ya chai yake nyepesi, akavua kofia kama yuko kanisani.

"Habari za asubuhi, Bi. Tusekile," alisema Timizo. "Limebaki swali moja. Una mtoto?"

"Nzuri, baba," alisema Shangazi. "Ninaye."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Asante. Jina la mtoto?"

"Atuganile. Huyu aliyekuwasha."

Taa ya njano ikapepesa. "Kumbukumbu zinaonyesha kwamba Atuganile ni mtoto wa kaka yako marehemu."

"Kumbukumbu zimesema kweli. Kaka yangu alimzaa, naye na mkewe wapumzike kwa amani. Sasa wewe nikuulize. Homa ya matumbo alipougua darasa la tatu, nani alimbeba mgongoni mpaka hospitali? Kitanda hicho, nani amelala chini miaka kumi na mbili ili yeye alale juu? Nani alimfundisha kusema na watu, mpaka mkamwajiri awafundishe nyie?" Alikuwa hajapandisha sauti hata kidogo. "Jana nilijibu vibaya. Nilizoea. Watu wakiniuliza swali hilo huwa wananiulizia tumbo, nami najibu habari za tumbo. Usiku nimelala nikawaza, huyu baba wa mlangoni hakusema tumbo. Amesema mtoto."

Miaka thelathini na moja ananiita mwanangu. Nilikuwa nimelisikia kama wote wanavyolisikia, maana kwetu kila mkubwa humwita hivyo kila mdogo, hata konda humwita abiria. Mimi, mtu wa maneno.

"Taarifa hii inahitaji kuthibitishwa na upande wa pili," alisema Timizo. "Atuganile, kwenye kumbukumbu zako, swali la mama limejibiwa hapana. Je, una mama?"

Jibu lile nililijaza nikiwa na miaka ishirini na saba, siku ya kwanza ya kazi. Sikuandika marehemu, ambalo ni neno la heshima. Niliandika hapana, kwa haraka, nisije nikalifikiria.

Shangazi hakunigeukia. Alikuwa anakitazama kibao, mikono magotini, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe kwenye orodha.

"Ninaye," nilisema. Nikasogea karibu naye. "Mmoja alifariki. Na huyu hapa ninaye."

Taa ya njano ikazimika. Arobaini ikatoweka, na mahali pake pakaja sifuri ya kijani. Mzee Ambakisye akapiga makofi, mkongojo ukamwanguka, Shangazi akamwambia aache fujo kwenye nyumba ya watu. Halafu akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakitikisa kidogo, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nimefaulu mtihani. Nikajua kwamba hapo ndipo nimesamehewa.

"Hongereni," alisema Timizo. "Nyumba hii imekamilika. Kwa ajili ya sikukuu, mnahitaji seti ya zawadi za mama na binti?"

"Sihitaji," alisema Shangazi papo hapo. Amekwisha kuharibika.

"Asante. Atuganile, kwa kuwa kumbukumbu zako zimefunguliwa, naomba kuhakiki za nyumbani kwako Mbeya pia. Una mtoto?"

Nina miaka thelathini na minane. Nalijua sanduku. Nilijua pia kwamba safari hii pengo lingehesabiwa mlangoni kwangu, arobaini nyekundu, majirani wote waone, karatasi ya njano ifuate, na kwamba mpaka Pasaka hakuna sanduku la nne. Nikafungua kinywa niseme hapana, kama kila mwaka.

"Bado," nilisema.

Shangazi aliangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Mzee naye akafuata, nami nikawafuata. Tulicheka hivyo mpaka Timizo akajizima mwenyewe.

Shangazi hakuniuliza ni bado ya aina gani. Alifuta chai kwa ncha ya kitenge, akasema anaona mvua itarudi mchana, akanipa kisu nimsaidie kumenya ndizi.